Saint-Josse na Nusu Iliyochukuliwa

Nimeishi Saint-Josse-ten-Noode kwa miaka sita, ghorofa ya tatu kando ya barabara ya Haecht, na karibu kila mgeni anayenitembelea huniuliza kwa nini watu wamebanana kiasi hiki. Manispaa yetu, mojawapo ya 19 zinazounda Mkoa wa Brussels, ina eneo la kilomita za mraba 1 na kitu tu, nayo imebeba wakazi wapatao 27,000. Ubelgiji nzima haina manispaa nyingine iliyosongamana kuliko hii.

Wageni wengi hudhani sababu ni sisi wahamiaji. Mimi huwarudisha mwaka 1853. Wakati huo bonde la kijito cha Maelbeek lilikuwa limeanza kujaa makazi, na sehemu iliyopendwa na matajiri, mtaa wa Léopold, ilimegwa kutoka Saint-Josse na kutiwa ndani ya Jiji la Brussels, ambalo ni manispaa jirani, moja ya zile 19. Leo mahali hapo pamesimama ofisi za Umoja wa Ulaya. Hasara haikuwa ya ardhi peke yake, kwa kuwa manispaa za Ubelgiji hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na nyongeza ya kodi ya mapato na ya majengo, hivyo anayepoteza wakazi wenye uwezo hupoteza pia shule na barabara za vizazi vijavyo. Hadi sasa kipato cha wakazi wa Saint-Josse ni miongoni mwa vya chini kabisa nchini, na naona si haki kuwalaumu kwa hilo wale waliokuja baada ya mikataba ya kazi ya mwaka 1964 kati ya Ubelgiji na Uturuki na Moroko. Wao walikuta nyumba ndefu nyembamba, zilizojengwa kwa ajili ya familia moja moja, wakazigawana ghorofa kwa ghorofa.

Tunayo bustani ya Botanique, nami naipenda. Lakini Jumapili watoto wa jirani yangu hutaka kuona bata, basi huwapeleka kwenye bwawa la uwanja wa Marie-Louise, ambalo ni mabaki ya bwawa kubwa la Saint-Josse ya zamani. Tukifika pale tumekwisha kuvuka mpaka, tumo ndani ya Jiji.