Historia na Kiswahili katika shule ya kanisa, Unguja

Ninafundisha Historia na Kiswahili katika shule ya sekondari ya Kikatoliki hapa Unguja, ambayo wanafunzi wake wengi ni Waislamu, na kila mwaka wazazi huniuliza kwa nini mtoto mwenye akili aingie mchepuo wa sanaa na kuiacha sayansi. Huwajibu kwamba kijana wa visiwa hivi anahitaji kufundishwa namna ya kuyazungumza kwa haki mambo yaliyowagawa wazee wake, na kwamba kazi hiyo hufanyika katika masomo haya.

Nichukue mada ya utumwa. Mwanafunzi mmoja huja na masimulizi ya nyumbani kwamba Waarabu ndio waliotenda yote. Mwengine amesikia kwamba habari zote hizo zilikuzwa na wamishenari. Siwaruhusu kuanza na hukumu. Tunausoma kwanza mkataba wa Juni 1873, ambao Sultani Barghash aliutia saini kwa shinikizo la Uingereza: ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na ukayafunga masoko yao, lakini haukumwacha huru mtumwa aliyekuwa tayari katika shamba la mikarafuu. Utumwa wenyewe uliondolewa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, bwana wake alipwe fidia, na masuria wakabaki nje ya amri hiyo mpaka 1909. Kijana aliyedhani kwamba kila kitu kilikwisha siku soko la Mkunazini lilipofungwa huanza kuuliza maswali mapya.

Kisha tunaligeukia Kanisa lenyewe. Wamishenari Wakatoliki walianza kazi Unguja mwaka 1860, wakafuatiwa mwaka 1863 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Waliwakomboa watoto kwa kuwanunua, na tangu 1868 wakawa wanawapeleka Bagamoyo, ambako watoto hao walikulia chini ya amri za misheni na kufanya kazi katika mashamba yake. Ulikuwa uhuru wa namna gani huo? Naamini kwa dhati kwamba shule ya kanisa isiyolivumilia swali hilo haina haki ya kufundisha yaliyobaki, na nashukuru kwamba tangu nianze kufundisha sijazuiwa kuliuliza.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, kwa sababu ghadhabu nyingi za darasani hutokana na sentensi zisizopimwa. Katika insha namtaka mwanafunzi aonyeshe wazi nani aliona, nani alisimuliwa, na nani anakisia tu. Aidha, ninawasimulia habari za Padri Charles Sacleux, wa shirika hilohilo, aliyefanya kazi Zanzibar na pwani ya bara mwishoni mwa karne ya 19, na ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa Paris kati ya 1939 na 1941. Hakuridhika na Kiunguja cha mjini peke yake. Aliyakusanya maneno ya lahaja mbalimbali na kuonyesha kila moja linakotoka. Mwanafunzi wa Makunduchi, Tumbatu au Pemba, aliyezoea kuchekwa kwa matamshi yake, hukaa wima anapojua kwamba mtu alivuka bahari kuja kuisikiliza lahaja ya pwani na kuiandika.

Kiingereza nacho kina nafasi yake, kwani mtihani wa Historia wa kidato cha sita huandikwa kwa lugha hiyo. Hata hivyo, mjadala tunauendesha kwanza kwa Kiswahili. Anayeanza moja kwa moja kwa Kiingereza, mara nyingi hukariri madokezo ya mwalimu. Aliyekwisha kutetea hoja yake mbele ya wenziwe huwa na cha kuandika.

Muhula ujao wanafunzi wa kidato cha tano watawahoji wazee wa familia zao kuhusu kazi za mashamba ya karafuu, na watayaandika majibu kwa lahaja ileile waliyoyasikia, bila kuyasahihisha. Wazazi wanaoyasoma haya nawaomba wawape watoto ruhusa na muda wa kukaa na bibi na babu zao, hata pale mazungumzo yatakapogusa mambo ambayo nyumbani hayasemwi.