Kalamu Ibaki Mkononi mwa Mtoto

Leo nataka kuandika juu ya saa iliyo ngumu kuliko zote katika masomo ya mbali. Si saa ya somo lenyewe, mwalimu akiwa kwenye skrini na majina ya wanafunzi yamejipanga pembeni. Ni ile inayofuata: mwalimu ameshaaga, kompyuta imefungwa, na mtoto amebaki na daftari lenye swali la nne ambalo halisogei. Hapo ndipo mzazi huitwa. "Mama, hili silielewi." Mama anaketi, anachukua kalamu aonyeshe kidogo tu, na kabla hajatambua swali limeshakuwa lake. Baada ya dakika kumi kazi imekamilika, imepigwa picha, imetumwa. Mwalimu anaweka vema. Na kati ya hao watatu hakuna anayejua kama mtoto ameelewa.

Kila nikilifikiria jambo hili naona kwamba hasara kubwa huingia kwa mlango wa upendo. Mtandao ukikatika, kila mtu anaona na anatafuta dawa. Jibu lililoandikwa na mzazi halionekani mpaka siku ya mtihani.

Maelezo ya mwalimu hayapotei sana masomo yanapohamia nyumbani. Yanamfikia mtoto kwa sauti, kwa video au kwa maandishi. Vinavyopotea ni vitu vitatu vidogo ambavyo darasani havikutajwa hata siku moja kwa kuwa vilikuwepo tu. Kengele, inayosema sasa tunaanza na sasa tunaacha. Jicho la mwalimu anayepita kati ya madawati na kuona kosa likiwa bado la mstari mmoja. Na jirani wa dawati, anayeulizwa kwa kunong'ona, "Hapa umepataje?" Hivi vitatu vinaweza kurudishwa nyumbani, na hakuna hata kimoja kinachomtaka mzazi awe anaijua aljebra.

Wazo hili si geni. Mwaka 1951, huko Alice Springs, Australia, ilianza shule ya redio kwa watoto waliokaa kwenye mashamba ya mifugo yaliyo mbali na mji wowote. Mwalimu alisikika redioni kwa muda mfupi, masomo ya maandishi yakaja kwa posta, na nyumbani palikuwa na mtu mzima, mara nyingi mama, aliyeketi na mtoto. Kazi ya mtu huyo ilijulikana. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga shule na kuwaacha wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani nje ya madarasa, wazazi wengi walikabidhiwa kiti hichohicho ghafla, bila mtu wa kuwaambia wafanye nini wakishakikalia. Wengi wakajifanya walimu. Wengine wakawa walinzi wa mlango. Kiti kile hakikuwa cha mwalimu wala cha mlinzi.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Swali ni 3/4 + 2/5, na mtoto ameandika 5/9. Amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kosa ambalo karibu kila mtoto hulipitia. Njia ya haraka ni kusema, "Hapana, tafuta asili moja, ni 20," kisha kuandika 15/20 + 8/20 = 23/20. Mtoto atanakili. Kesho akikutana na 2/3 + 1/6 ataandika 3/9, kwa sababu fikra iliyozaa kosa haijaguswa.

Njia nyingine inachukua dakika saba hivi. Muulize kwanza: "Kabla ya kujumlisha ulikuwa na 3/4. Je, ni zaidi ya nusu au pungufu?" Atasema zaidi. "Umeongeza kitu juu yake. Jibu lako, 5/9, ni kubwa kuliko 3/4 au ni dogo?" Hapa nyamaza. Akihitaji, achore mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja aukate mara nne, mwingine mara tisa, atie rangi. Ataona kwa macho yake kwamba ameongeza na kupata pungufu. Sura hubadilika papo hapo. Mtoto anaanza kuligombania jibu lake mwenyewe. Sasa ndipo swali la tatu linapofaa: "Vipande vya robo na vipande vya tano havilingani ukubwa. Tutavikataje viwe sawa?" Akikwama tena, rudini kwenye mfano wa mwalimu katika daftari na atafute mstari ambao asili zilibadilika. Muda wote huo kalamu haijatoka mkononi mwake.

Neno "nyamaza" nimeliandika kwa makusudi. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika kazi yake ya miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde 1. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kusema. Mzazi aliyechoka, mwenye chungu jikoni, husubiri kidogo hata kuliko hapo. Hesabu moyoni mpaka kumi. Mtoto anayetazama dari mara nyingi anafikiri.

Na mzazi asiyelijua somo kabisa? Huyu namthamini sana, maana hawezi kuiba jibu hata akitaka. Aseme tu, "Nifundishe mimi." Mtoto anaposhika nafasi ya mwalimu, pale anapoelewa sauti hutembea, na pale asipoelewa huanza kubabaisha: "halafu hii inakuja hapa… halafu inakuwa hivi." Hata mzazi asiyejua kusoma atausikia mwanya huo. Anyooshe kidole hapo: "Hapo sijakupata, rudia." Kwa kufanya hivyo ameshakuwa jicho la mwalimu na jirani wa dawati kwa pamoja.

Upande wa mwanafunzi kuna mtego wake. Bidii nyumbani hupimwa kwa saa mtoto alizokaa mbele ya skrini, na kipimo hicho kinadanganya. Video ya somo ya dakika 30 hutazamwa mwanzo mpaka mwisho kama tamthilia, inaelea vizuri, mtoto anaitikia kwa kichwa, na jioni hana cha kueleza. Kinachomdanganya ni ule ulaini wa maelezo: kumfuata anayejua kunafanana mno na kujua. Watafiti wa saikolojia wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilionyesha jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi waliorudia kusoma matini walifanya vizuri zaidi katika jaribio la baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja, waliokuwa wamefunga karatasi na kujaribu kukumbuka ndio walioongoza, kwa tofauti kubwa.

Kwa hiyo video isimamishwe kila baada ya dakika 5 au 6. Skrini igeuzwe. Mtoto aandike sentensi tatu kwa maneno yake, au atatue upya mfano uliotoka kuonyeshwa bila kuuchungulia. Akishindwa arudi kwenye ile sehemu tu, si mwanzo wa video. Somo la dakika 30 litachukua kama 50. Mzazi asishtuke kuona linachelewa kwisha. Huo ndio muda wake halisi. Kupaka mistari ya rangi kila mahali kitabuni kunapendeza, ila ni kazi ya mkono zaidi ya kichwa.

Umri nao una neno. Mtoto wa miaka sita au saba hawezi kuendesha somo la mtandaoni peke yake. Anahitaji mtu mzima pembeni, na baada ya dakika 15 au 20 mwili wake lazima usimame, ukimbie, unywe maji. Wa miaka 14 ukimkalia begani ataacha kufikiri, atabaki kukusikiliza unavyopumua. Huyu apewe nafasi, mlango ukiwa wazi, simu ya kuchati ikiwa chumba kingine kwa makubaliano yaliyofanyika kabla, si kwa kunyang'anywa katikati ya somo. Macho ya wote wawili yapumzishwe: kila dakika 20, kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

Sasa mambo ya mikono, ambayo hupoteza alama nyingi bila sababu ya maana.

Saa kwanza. Mfumo wa shule ukiandika 09:00, mtoto aliyezoea saa za Kiswahili anaweza kusoma "saa tisa" na kujitokeza alasiri, saa sita nzima baada ya somo kuanza. Iandikeni ratiba upya kwa mkono, saa zote kwa Kiswahili na neno asubuhi au alasiri mbele yake, ibandikwe ukutani. Mwisho wa kuwasilisha ukiwa 23:59, hiyo ni saa sita kasoro dakika moja usiku. Ukiwa Ijumaa 00:00, ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani kazi iwe imekamilika Alhamisi. Hapo wengi wameumia, na mwalimu huwa haelewi kwa nini.

Kisha picha za daftari. Mwalimu anayesahihisha kazi 40 kwenye skrini hawezi kukisia tarakimu zenye ukungu. Penseli ngumu huandika kijivu hafifu ambacho kamera hukimeza. Tumieni penseli laini ya 2B au kalamu ya wino. Daftari liwekwe mezani karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni ili kivuli cha simu kisiangukie ukurasa. Simu ishikwe sambamba na karatasi, pembe zote nne zionekane. Ikiinama, mistari ya juu hupungua na nambari za vipeo hazisomeki. Juu ya kila ukurasa mtoto aandike jina, somo, na 1/3, 2/3, 3/3, kwa kuwa picha zikitumwa tatu kwa pamoja hufika zimechanganyika. Kuziunganisha kuwa faili moja la PDF ni bora zaidi. Kabla ya kutuma, zikuzwe na isomwe tarakimu ndogo kuliko zote. Baada ya kutuma, msifunge mpaka pameandikwa kwamba kazi imewasilishwa. Mifumo mingi huhifadhi faili kama rasimu kwanza, na mtoto aliyepakia bila kubonyeza hatua ya mwisho ataapa kwamba ametuma, na atakuwa anasema kweli kwa jinsi alivyoelewa.

Mtandao ukiwa dhaifu, zima kamera kabla ya kitu kingine chochote. Picha ndiyo inayokula bando. Sauti peke yake hutumia sehemu ndogo sana. Mwalimu aarifiwe ili asidhani mtoto ameondoka. Video zilizorekodiwa zipakuliwe mapema, hasa usiku ambapo watumiaji ni wachache. Chaji ijazwe tangu usiku.

Kifaa kikiwa kimoja na watoto ni wawili, pangeni kwa aina ya kazi. Masomo ya moja kwa moja hayasubiri, hayo yapewe kifaa. Kusoma kitabu, kuandika insha na kufanya hesabu havihitaji skrini hata kidogo, na mtoto asiye na zamu afanye hayo. Masomo mawili ya moja kwa moja yakigongana, mwalimu mmoja aombwe rekodi au muhtasari kabla ya siku hiyo. Kuomba mapema si kusumbua.

Nirudi kwa mwalimu, kwa sababu yeye ndiye anayepofushwa na kazi safi kupita kiasi. Mtoto akishindwa baada ya kujaribu kwa dhati, kama dakika 15 hivi kwa swali moja, swali hilo liachwe lilivyo, na mikato yake yote. Lisifutwe. Mstari uliokatwa humwonyesha mwalimu njia aliyopita mtoto, na njia ndiyo anayoitaka ili ajue aanzie wapi kesho. Mzazi aongeze ujumbe mfupi usio na lawama wala kujitetea. Kwa mfano:

"Mwalimu, shikamoo. Maswali ya 1 hadi 3 ameyafanya peke yake kwa dakika 25. La 4 nilimuuliza maswali, sikumpa jibu. Ameelewa kwa nini 5/9 si sahihi, ila bado anakwama kupata asili moja ya 4 na 5. La 5 hakulifikia. Ahsante."

Ujumbe kama huo mwalimu anausoma kwa nusu dakika na anajua kila kitu: kipi ni cha mtoto, kipi kilisaidiwa, na kufundisha kuanzie wapi. Mtoto naye ausome kabla haujatumwa. Akisema, "Lakini la tatu ulinisaidia kidogo," liandikeni hilo pia.

Na kwa mzazi anayerudi kazini jua limeshazama, asiyeweza kukaa mchana wala kusimamia video: dakika kumi zinatosha kwa siku hiyo, zikiwa na daftari lililofunguliwa badala ya swali la "umesoma?" ambalo jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Nionyeshe mahali ulipokwama leo. Ulifanya nini ulipokwama? Kesho utaanza na kipi? Jibu la swali la tatu mtoto aliandike mwenyewe juu ya ukurasa mpya, kwa mwandiko wake, kisha daftari lifungwe hapohapo na kalamu iachwe ndani.