Kabla ya bango, kamba ya mita 60

Ukitaja harakati za tabianchi pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, wengi watawaza mabango na vijana barabarani. Hawajakosea. Agosti 2018 Greta Thunberg alikaa peke yake na bango lake nje ya Bunge la Sweden. Septemba 2019 walioandamana duniani walikuwa mamilioni. Ila bango ndilo linalopigwa picha. Wangari Maathai alianza Kenya mwaka 1977 na vitalu vya miche vya akina mama, na malipo yao madogo yalitegemea miche iliyoshika, si iliyopandwa. Wanafunzi wa sheria huko Vanuatu, nchi ya visiwa vya Pasifiki, walianza mwaka 2019 na ombi moja tu: Mahakama ya Kimataifa ya Haki iseme nchi zina wajibu gani juu ya tabianchi. Julai 2025 mahakama ikajibu kwamba wajibu upo, na ni wa kisheria.

Wote hao walikuwa na dai moja linalopimika, na walijua nani wa kupelekewa. Vikundi vyetu vingi huandika "kutunza mazingira" kwenye katiba yao, na hapo hakuna cha kumdai mtu.

Nyanda za Juu Kusini dai lipo tayari kwenye vitabu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuuharibu. Pima na kamba iliyofungwa fundo kila mita 10, ukianzia pale maji yanapofika masika. Ukianzia kwenye mkondo wa kiangazi, mwenye shamba atakubishia, na ikija mvua utajikuta umesimama majini.

Halafu pima maji yenyewe. Kwenye kijito kidogo, ziba kwa udongo wa mfinyanzi, pitisha maji yote kwenye kipande cha bomba, kinga ndoo ya lita 20 huku simu ikihesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 25, hiyo ni lita 0.8 kwa sekunde, yaani lita 69,120 kwa siku. Rudia mara tatu, chukua wastani. Kinachoharibu kipimo ni maji yanayopenya pembeni ya bomba: ukiona udongo unatokwa jasho, ziba upya. Andika kwenye daftari kila mwezi, tarehe ileile.

Daftari hilo litakuokoa na maneno ya jumla. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, na sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kwenda kwenye mashamba ya bonde la Usangu. Ukisimama mkutanoni ukasema ni tabianchi peke yake, mtu wa bonde atakuumbua mbele ya watu.

Ugomvi mkubwa utakuwa mikaratusi, au milingoti kama wengi wanavyoiita, iliyopandwa kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni penye unyevu. Ile ni ada ya shule ya mtu. Msiende na mapanga. Kubalianeni avune mwaka gani na asipande tena. Akishakata, kisiki kitachipua, kwa hiyo menyeni gome lote hadi chini ya usawa wa udongo na mrudi kila mwezi kuvunja machipukizi. Mahali pake pandeni mivengi, miti ya asili ya kando ya maji. Mbegu zake hazitunziki: ziokoteni tunda likiwa limeiva na laini, ondoeni nyama, zisieni ndani ya siku chache. Zikikauka kwenye mfuko, zimekufa.

Dai lipelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji kwa barua, mkiambatanisha daftari, mkiomba liwe ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ndogo huandaliwa na halmashauri ya kijiji, wananchi wakatoa maoni mkutanoni, kisha ikapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Vikundi vingi huishia mkutanoni, watu wakipiga makofi, na bila idhini ile mgambo hana cha kusimamia. Fuatilieni muhtasari uliosainiwa. Mkitaka kuandamana pia, taarifa ya maandishi iwafikie polisi saa 48 kabla.

Miche ihesabuni Oktoba, si Januari. Januari hata fimbo ya kuchungia huchipua.