Jiko tulilimaliza asubuhi, bomba likatula wiki tatu

Jiko lenyewe, la kuni, la kupashia sebule joto, halikuwa na kazi. Ni sanduku la chuma lenye miguu minne. Watu wanne walilibeba, wakalitua juu ya sakafu ya vigae niliyokuwa nimeitandaza kuzuia cheche, wakanywa maji, wakaondoka. Hata saa tano haijafika. Nikamwambia shemeji kesho tunawasha. Akainua macho, akanyamaza. Sebule yangu haina dari bapa: dari inapanda pamoja na paa mpaka kwenye mgongo wa nyumba, mita 5 kutoka sakafuni. "Kesho ya mwaka gani?" akaniuliza.

Tukaanza na timazi. Unapanda ngazi, unashikilia uzi kwenye dari mpaka ncha ya timazi itulie katikati ya mdomo wa jiko, kisha unatia alama pale uzi unapoanzia. Alama yetu ikaangukia kwenye kombamoyo. Si ubavuni mwake, katikati kabisa. Hapo ama ukate kombamoyo na kuunga mbao za kukingama, ama upinde bomba kwa viwiko viwili, ama usogeze jiko. Kukata nilikataa, kwa sababu makombamoyo ndiyo yanayobeba paa na mimi si mhandisi. Viwiko navyo hupunguza mvuto wa moshi, na masizi hupenda kutua humo. Tukalivuta jiko sentimita 18 juu ya blanketi kuukuu, shemeji akihesabu, mimi nikilalamika. Ikabidi niongeze safu ya vigae upande wa kushoto. Rangi yake haifanani na ile ya mwanzo, na kila mgeni huuliza.

Kwenye dari bapa, dohani, yaani bomba la kuta nene linalopeleka moshi nje juu ya paa, hushikiliwa na kisahani tu. Kwenye dari ya mteremko unahitaji kisanduku kirefu cha chuma kinachopenya dari na paa kwa pamoja. Kisanduku kinasimama wima ilhali tundu lenyewe limelala na mteremko, na hapo ndipo nilipojiaibisha. Kisanduku kilikuwa cha sentimita 35 kwa 35, nami nikakata tundu la 35 kwa 35. Hakikuingia. Paa langu lina mteremko wa nyuzi 30, kwa hiyo ukipima kufuata mteremko, ile 35 inakuwa zaidi ya 40. Shemeji alikuwa ameniambia hivyo chini, kabla sijapanda, na kwa heshima yake hakulirudia neno hilo nilipokuwa juu na msumeno.

Kisanduku kikishaingia, kipimie pimamaji pande zote, na hakikisha ukingo wake wa chini umeshuka angalau sentimita 5 chini ya dari hata upande ule dari ilipo chini zaidi. Kati ya dohani ya kuta nene na mbao yoyote acha sentimita 5, au zaidi kama kijitabu cha dohani yako kinasema hivyo. Nafasi hiyo ni ya hewa. Usishawishike kuijaza pamba ya kuzuia joto. Mbao inayookwa polepole kwa miaka hushika moto kirahisi kuliko mbao mpya.

Juu ya paa kazi ilikuwa fupi ila ya kutetemesha magoti. Bati la kuzuia mvua linaingia chini ya vifuniko vya paa upande wa juu, na upande wa chini linakaa juu yake, ili maji yateleze yasirudi ndani. Kwa urefu wa dohani tulifuata kiwango cha Marekani cha usalama wa dohani, NFPA 211: angalau sentimita 90 juu ya pale inapotokeza, na sentimita 60 juu ya chochote kilicho ndani ya mita 3. Tundu letu liko mita 2 kutoka kwenye mgongo, na mgongo umelizidi kimo kwa mita 1.15. Jumlisha 60, unapata mita 1.75. Inapopita mita 1.5 hivi hufungwa vyuma vya kuishikilia upepo usiitikise, nasi tukafunga.

Sasa kosa lililonila zaidi. Kutoka kwenye jiko hadi kwenye kisanduku ni mita tatu na kitu, na huko kote nikaweka bomba jepesi la ukuta mmoja, nikijisemea litatoa joto zaidi chumbani. Tena vipande nikavipachika ncha nyembamba ikitazama juu, nikiamini moshi hautavuja. Baada ya wiki mbili michirizi myeusi, yenye kunuka lami, ikaanza kushuka nje ya bomba. Bomba refu la namna ile hupoza moshi, na moshi ukipoa mno huacha kreosoti, utando mweusi kama lami, ambayo ndiyo kuni za moto wa dohani. Ncha nyembamba inatakiwa itazame chini, kreosoti ikitiririka irudi ndani ya jiko iungue. Moshi hauvuji, kwa sababu dohani huvuta hewa kuelekea ndani.

Nikabomoa yote, nikaweka bomba la kuta mbili, skrubu tatu kila kiungo, na kipande kimoja cha kuvuta na kusukuma ili siku ya kufagia nisilazimike kusogeza jiko. Kuta mbili zikanipa na nafasi: karibu na mbao bomba hili hutaka takriban sentimita 15, lile jembamba lilitaka 45.

Joto, naam, linapanda na kukaa mgongoni. Jioni moja miguuni palikuwa nyuzi 19, nikiwa kwenye ngazi kipimajoto kikasoma 31. Feni ya dari ikizunguka kinyume, polepole, ikavuta hewa juu na kuisukumia kutani ishuke. Nusu ya tofauti ile ikaisha. Kengele ya moshi nimeiweka chini kidogo ya kilele cha dari, kwani pale kileleni kabisa hewa husimama.

Mwezi uliopita nimefagia dohani kwa mara ya kwanza tangu nibadilishe bomba. Kuni zangu zilikuwa zimekaa mwaka mzima chini ya kibanda, chini ya asilimia 20 za unyevu. Yalishuka masizi makavu, laini kama unga, kikombe kimoja na nusu. Shemeji aliyapima mwenyewe.