Siku Yangu Moja Katika Kazi ya Kuzoa Mafuta Majini

Saa 11:40 alfajiri. Simu ya zamu inalia. Kuna meli ilikuwa ikijazwa mafuta yake ya safari, tangi likafurika kabla vali haijafungwa, yaliyozidi yakamiminika majini. Watu wakisikia “mafuta yamemwagika” huwaza meli kubwa ya mafuta iliyopasuka katikati. Mara nyingi ni hivi tu: mpira, vali na mtu aliyechoka. Lakini usidharau mafuta ya safari. Mwaka 2020 meli Wakashio ilipanda mwamba huko Morisi ikiwa haina shehena yoyote ya mafuta. Tani 1,000 hivi zilizochafua pwani ile zilikuwa za kuendeshea meli yenyewe.

Saa 12:30 asubuhi. Harufu inatufikia kabla ya doa. Tunapima hewa kwanza, kwani mvuke wa mafuta hulewesha na huweza kuwaka. Kisha tunashusha uzio unaoelea. Mgeni wa kazi hutaka kuutandaza uukabili mkondo kifua mbele. Hapo mafuta yanakucheka. Maji yakiupiga uzio kwa kasi inayozidi theluthi moja ya mita kwa sekunde, yaani polepole kuliko mtu anayetembea kwa maringo, mafuta hupiga mbizi chini ya pindo na kuibukia upande wa pili. Kwa hiyo tunaulaza mshazari, yateleze kandokando yake hadi penye maji yaliyotulia, mashine iyanyonye.

Nahodha wa boti ananionyesha eneo linalong'aa rangi za upinde wa mvua. Namwambia alipite. Rangi zile ni utando mwembamba ajabu, usiofika hata sehemu moja ya mia ya milimita, ingawa ndio hupigwa picha kila mara. Mzigo uko kule kweusi kusikong'aa.

Saa 4 asubuhi. Pampu inaanza kukohoa. Mafuta mazito yakipigwapigwa na mawimbi hunywa maji, yakawa uji wa kahawia wenye ujazo mara tatu hata nne ya ule wa mwanzo. Ndiyo maana asubuhi sikumruhusu mtu kupiga soga.

Saa 7 mchana. Vijana wanafuta mawe ya ukingoni kwa pedi nyeupe. Pedi hizo ni za polipropilini, yaani zimetokana na mafuta. Uzio wetu ni plastiki, boti inakunywa dizeli. Mmoja amegundua. “Mkuu, kumbe tunafukuza mafuta kwa mafuta!” Namwambia ni kweli, aongeze pedi.

Saa 8 mchana. Meli inaomba ruhusa ya kumalizia kujaza. Inapewa, ila safari hii uzio unazungushwa kwanza.

Saa 9 alasiri. Kikao cha kujadili mafuta na bahari, na sehemu hii hunichosha kuliko boti. Wamekuja wavuvi, wahandisi wa bandari na wanafunzi wa mazingira, na mimi ndiye mwongoza mjadala. Kanuni yangu ni moja: hakuna kusema “nyinyi”. Ukisema “nyinyi mnaua bahari” au “nyinyi mnapinga maendeleo”, unakaa chini.

Mhandisi anaanza kwa kusema ajali hazikwepeki. Namkatiza kwa takwimu, na sioni haya. Katika miaka ya 1970, meli za mafuta zilimwaga zaidi ya tani 700 kwa mkupuo wastani wa mara 24 hivi kila mwaka. Katika miaka ya 2010 wastani ulishuka chini ya mara 2. Bahari ni ileile. Kilichobadilika ni sheria. Meli ya mafuta Torrey Canyon ilivunjika pwani ya Uingereza mwaka 1967, ukazaliwa mkataba wa MARPOL wa 1973, wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari. Nyingine, Exxon Valdez, ikamwaga tani 37,000 hivi Alaska mwaka 1989, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kuzitaka meli za mafuta ziwe na ngozi mbili, yaani kuta mbili, moja ndani ya nyingine.

Mwanafunzi mmoja, msichana, anasimama: basi tufunge visima vya mafuta leo. Mzee mvuvi anamgeukia, “Mwanangu, mashine ya mashua yangu utaisukuma kwa pumzi?” Watu wanaangua kicheko. Msichana hatetereki. “Shikamoo babu, lakini hata samaki wako hawawezi kusubiri.” Hakusema “nyinyi”, nikamwacha aendelee.

Mwongoza mjadala hatakiwi kuwa na upande. Mimi ninao, nao nikausema mwishoni. Dunia hutumia takribani mapipa milioni 100 ya mafuta kwa siku, na karibu yote hufika salama. Hayo yaliyofika salama ndiyo mengi yake huchomwa, yakamwagika hewani, na huko hakuna uzio wa kulaza mshazari. Tukifaulu kabisa katika kazi yangu, bado hilo halijaguswa. Mhandisi alitikisa kichwa, mzee akauliza mashine ya umeme ya mashua inadumu saa ngapi baharini. Swali hilo lilikula nusu saa, na lilikuwa bora kuliko hotuba zote.

Saa 1 jioni. Ripoti. Yule msichana amebaki kuniuliza tumeokoa kiasi gani. Bandarini, maji yakiwa yametulia, si haba. Baharini wazi ni nadra kupita asilimia 10 hadi 15. Na mengine? Mengine huvukia, mengine huliwa na bakteria, mengine hushikana na mchanga yakazama, na mengine huenda ufukweni. Kesho tunaanza na ufukwe ule upepo unakoelekea.