Kutoka Ur hadi Warka: miji ya udongo, matete na lami

Tuliondoka Nasiriyah saa 12 asubuhi, katikati ya Novemba. Kusini mwa Iraki kunatembeleka kuanzia Novemba hadi Machi. Julai joto hupita nyuzi 45, na kivuli huko Ur, mji wa kale wa Wasumeri, ni cha kutafuta. Kila mtu alibeba lita 3 za maji, ingawa mwendo ni kilomita kama 16 tu.

Zigurati, yaani mnara wa hekalu uliojengwa kwa ngazi ngazi, huonekana mapema, maana nchi yote ni tambarare. Mfalme Ur-Nammu alianza kuijenga karibu mwaka 2100 KK, mwanawe Shulgi akaimaliza. Kitako chake ni karibu mita 64 kwa 45. Wageni wengi hukimbilia ngazi, lakini ngazi hizo na sehemu kubwa ya uso wa chini vilikarabatiwa miaka ya 1980. Zunguka kwanza, ukatazame matofali ya zamani.

Kiini chote ni matofali mabichi, yaliyokaushwa kwa jua. Nje kimevikwa ukuta wa matofali ya kuchoma, unene wake karibu mita 2.5, ulioshikizwa kwa lami. Lami hiyo bado ipo, nyeusi, imetokeza kati ya matofali. Baadhi ya matofali yana muhuri wa jina la Ur-Nammu. Hawakuchoma yote kwa sababu kuni zilikuwa adimu kwenye uwanda huu wa matope, kwa hiyo moto ulitumika pale tu ambapo mvua ingegonga.

Ukutani kuna matundu membamba yaliyopangwa safu kwa safu. Si madirisha. Tofali bichi hunywa maji. Likilowa huvimba, na unyevu ukikosa pa kutokea, kiini husukuma ukuta wa nje mpaka upasuke. Matundu hayo ndiyo pumzi ya jengo, na kwangu mimi ndiyo kazi ya akili kuliko zote pale Ur.

Adui mwingine ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali, yakikauka huacha chumvi, nayo ikiganda humeng'enya uso wa tofali vipande vipande. Ule weupe chini ya kuta ndio huo. Mashambani ni vilevile: ukimwagilia bila mfereji wa kutolea maji, chumvi hupanda juu. Ndiyo maana Wasumeri walitegemea sana shayiri, inayovumilia chumvi kuliko ngano.

Makaburi ya kifalme 16 aliyoyafukua mwanaakiolojia Leonard Woolley kati ya 1922 na 1934 yako hatua chache tu, lakini vilivyomo vilishapelekwa makumbusho.

Kesho yake tulipitia Samawah kwenda Warka, yaani Uruk, kilomita kama 30 mashariki ya mji huo. Hapa usiharakishe. Mwishoni mwa milenia ya nne KK hakukuwa na mji mkubwa kuushinda. Zigurati ya Eanna, eneo la mahekalu la Uruk, wenyeji huiita Buwariyya, kwa ajili ya majamvi ya matete yaliyotandazwa kati ya safu za matofali mabichi ili kuyafunga pamoja. Matete hayo yanachungulia hadi leo.

Chini, kila hatua ni vigae. Utakuta misumari ya udongo: ilichovywa rangi nyekundu, nyeusi au nyeupe kichwani, kisha ikachomekwa kwenye plasta mbichi ikawa nakshi na ngao ya ukuta kwa pamoja. Utakuta pia vipande vya bakuli nene, zisizo na urembo, zenye ukingo uliokatwa mshazari. Zilifinyangwa kwa wingi mno, na wataalamu wengi huzihusisha na posho ya wafanyakazi. Katika maandishi ya kwanza kabisa ya Uruk, alama ya kula ni kichwa cha mtu na bakuli mbele yake. Karne nyingi baadaye, enzi ya Ur-Nammu na Shulgi, posho ya kawaida ya mwanamume ilikuwa sila 60 za shayiri kwa mwezi, sawa na lita 60 hivi, na ya mwanamke 30.

Kigae ukikiokota, kitazame, kisha kirudishe palepale ulipokitoa. Kikihama tabaka lake, mwanaakiolojia hawezi tena kujua ni cha lini.