Siku moja maishani mwangu: dagoni, msimu wa karafuu

Saa kumi na moja alfajiri. Jogoo wa mwenye shamba hana adabu, huwika kabla ya adhana. Tumepiga dago, kambi ya wachumaji karafuu, karibu na Mtambile, Pemba, watu tisa. Chai ya rangi, muhogo wa jana, tukaingia mikarafuuni.

Saa moja. Matawi bado yana umande, na tawi la mkarafuu huvunjika bila kukuaga. Wanaume wamepanda juu, sisi wanawake tunavuta ya chini. Kishada huchumwa kikianza wekundu. Ua likifunguka, ushachelewa.

Saa sita. Ami wa Micheweni, aliyeteleza juzi akaumia mbavu, pakacha lake halijafika nusu. Bi Mkubwa akapita, akamtilia viganja viwili. Nami nikatia. Hakuna aliyesema neno. Tunakwenda kusali adhuhuri, pakacha limejaa, naye kajifanya anatazama vileleni.

Saa tisa, kuchambua. Vidole vyeusi, vinanuka karafuu mpaka kwenye wali. Makonyo, vile vijiti vya kishada, tunayatenga, hayo huenda kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta.

Halafu kupima, na hapo ndipo penye maneno. Karafuu kavu bei yake hutangazwa na Serikali, kila mtu anaijua. Sisi wachumaji twalipwa kwa pishi, kile chombo cha kupimia, ya karafuu mbichi, na bei yetu iko mdomoni mwa msimamizi. Pishi yake haishi kujaa: huitia mpaka ikafanya kichuguu, karafuu zinamwagika, bado asema "tia." Mwaka wa mavuno makubwa mtu humjibu, maana mashamba hutafuta watu. Mwaka huu mikarafuu imepumzika, haikuzaa sana, watu ndio watafutao mashamba.

Leo Bi Mkubwa kalikalia pakacha lake.

"Mwanangu, nipimie mfuto. Hutaki, panda uchume mwenyewe."

Wanane tukakaa na yetu. Moyo ulinienda mbio, sisemi uongo. Nina ada ya madrasa ya watoto wawili. Msimamizi akatutazama mmoja mmoja, akacheka bila raha, akapitisha kijiti juu ya pishi, ikawa mfuto, sawa na ukingo.

Saa mbili usiku. Msimamizi katupa habari yake naye: miti iliyobaki ni ya siku mbili. Shamba lenyewe ni eka tatu, zile zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na eka tatu hazichelewi kwisha.

Simu ikalia kutoka upande wa Wete. Kuna shamba halijaguswa, wachumaji waje kesho kutwa. Wanataka sita.

Bi Mkubwa akaizima taa. Ami alikuwa anakohoa, ameshika mbavu. Ile simu hatujaijibu.